Pindo la Godoro

…ni wino tu, alijiambia Outi, mama yake hujaza mafumbo ya gazeti akiwa kitandani na kalamu humponyoka usingizi unapomchukua, kwa hiyo ni wino, na yeye hakuja humu kutazama madoa, alikuja kuchukua sweta ya kijivu iliyotundikwa mgongoni mwa kiti, basi, achukue sweta arudi jikoni, ambako kahawa ilikwisha miminwa na Satu, yule afisa wa manispaa, alikuwa akimngoja aje atamke neno moja, ndiyo, neno jepesi lisilozidi pumzi, lakini shuka ilikuwa imechomoka pembeni, na Outi hajapata kuona shuka iliyochomoka akaipita, ndivyo alivyolelewa, tena katika nyumba hii hii, ndipo akapiga magoti ili aichomeke, na pindo la godoro likamfungukia mbele ya macho kama mdomo wa mtu alalaye… wino haukai hivi. Wino ukimwagika hauchagui pa kwenda, na huu ulikuwa umechagua, ulikuwa umeufuata mshono, nukta kwa nukta, zimesongamana penye kona kisha zikatawanyika, kana kwamba mtu alikaa hapa akichovya sindano katika lami na kuitua, akichovya na kuitua, usiku baada ya usiku, kwa subira ambayo Outi, katika ganzi ile aliyokwisha kuizoea, aliiona karibu kuwa ya kupendeza…

"Huu mkate wako wa iliki utaniua, Mama Lempi," ilisikika sauti ya Satu kutoka jikoni, "nikitoka hapa sitapita mlangoni."

"We kula, bibie. Mlango huo umepitisha piano, utakushinda wewe?"

…na Satu akacheka, na mama yake naye akacheka, kicheko chake kikavu cha mwalimu wa piano aliyefundisha watoto wa nusu ya mtaa na kuwaambia wazazi wa nusu hiyo kwamba watoto wao wana masikio ya mbao, na mtu akikisikia kicheko hicho angeapa kwamba mwanamke huyo hana kasoro, na hilo ndilo lililowachosha, Outi na kaka yake Ilpo, kwamba mama hana kasoro ila moja, anapika, anazikumbuka siku za kuzaliwa za wajukuu wote, anamkosoa mhubiri wa redioni kabla hajamaliza sentensi, lakini usiku anatembelewa na wadudu. Kwa kasoro hiyo moja kilitafutwa chumba katika nyumba ya wazee iliyo ng'ambo ya ziwa, na chumba kimepatikana, na Outi akisema ndiyo leo mama atahamia Jumatatu, wala hatarudi, na nyumba hii ya Kuopio, ambamo amekaa tangu Ilpo alipokuwa akitambaa, itaingia watu wengine. Kuna kitu kinanitembea, alisema mara ya kwanza, kwa simu, msimu ule wa vuli jua linapokata tamaa mapema, na Outi alikuwa huko kwake, mji wa Jyväskylä, akikaanga samaki, simu ameibana kwa bega, akasema unaota, mama, na mama akasema, naota na alama mkononi? na Outi akasema ni ngozi kavu, majira haya kila mtu ngozi yake kavu, akamgeuza samaki, na daktari baadaye akasema vivyo hivyo, ngozi ya uzee, akampa mafuta ya kupaka, mama akajipaka kwa utiifu, na alama zikaendelea kujipanga mkononi mwake mstari mmoja, kama mshono, na hakuna aliyejiuliza ni ngozi gani hukauka kwa mstari…

Alikilowesha kidole kwa ulimi, akakiweka juu ya nukta moja, akasugua. Nukta haikukwanguka kama tope, wala haikufifia kama wino, ilitanuka, ikaacha wekundu wa kutu juu ya kitambaa cheupe, na Outi akaitazama kutu ile akijua ni damu, tena akijua ni ya nani, na hakuhisi lolote, alihisi tu goti la kushoto likimuuma na ubaridi wa sakafu. Pembeni mwa pindo kulikuwa na vijiganda, vyepesi, vya rangi ya chai iliyochujwa mara mbili, vitupu ndani, mfano wa nguo alizozivua mtu akaenda zake, na chini zaidi vijipunje vyeupe, vidogo kuliko chembe ya sukari, vimegandamana na uzi, navyo akavitazama, ametazama vitu vidogo maisha yake yote, kazi yake kupima macho ya watu, kutwa kucha kuwauliza waliokaa kizani, unaona nini? na sasa? na sasa? Ndiyo. Alimpima mama yake pia. Hilo alilikumbuka pasipo kulitafuta, lilikuja lenyewe likakaa, kwamba siku chache kabla ya Krismasi alimpeleka mama kwenye duka lake la miwani, akamkalisha katika kile kiti cha wateja, akamfunika jicho moja kisha la pili, na mama, mwanamke wa miaka themanini na ushei, akasoma safu ya chini kabisa, herufi zile ambazo vijana huzikisia, akazisoma bila haraka kama anayesoma noti za wimbo wa watoto, na Outi akafurahi, ehe, akafurahi, kisha furaha ikamgeukia, kwa maana kama macho ya mama ni mazima basi kilichougua ni kile kilicho nyuma ya macho, na usiku ule ule akampigia Ilpo, akamwambia macho yake mazuri, kaka, mazuri kupita yangu, na Ilpo akasema, basi ni kichwa. Ni kichwa. Wakakubaliana. Haikuwapitia akilini kwamba mtu mwenye macho mazima huenda akaona kitu kwa sababu kitu kipo…

"…na baridi sasa inapungua," Satu alikuwa akisema, "mwezi ule mwingine ilikuwa haisemeki."

"Ilikuwa nzuri. Baridi kama ile zamani tulikuwa tunaiombea."

"Mnaiombea baridi, Mama Lempi? Jamani!"

"Ilikuwa na kazi yake."

…ilikuwa na kazi yake, na Outi, kwa mara ya kwanza tangu Februari, akalisikia neno hilo. Februari baridi ilipopasua magogo mama alifungua madirisha yote ya nyumba, yote, akavaa koti na kofia ya manyoya akaketi jikoni akicheza karata peke yake, hadi jirani wa chini alipoona dari yake inatoa ubaridi akamwita mtunza jengo, na mtunza jengo akaja mbio akipiga kelele kuhusu mabomba, na Outi akaendesha gari kutoka Jyväskylä juu ya barafu, amefika mama anamwambia kwa utulivu, tulipokuwa wadogo tulihamia kwenye kibanda cha sauna uani, kile cha kuogea mvuke, wote, na paka, tukaiacha nyumba igande mpaka kwenye mifupa yake, tuliporudi hapakuwa na kitu kinachotembea. Na Outi akasikia tulipokuwa wadogo, akakomea hapo, kwa sababu Ilpo alikwisha mwambia kwamba wazee wanaopotea hurudi utotoni, akafunga madirisha moja moja, akamvua mama kofia, akamkumbatia, na mama alisimama ndani ya kumbatio lile mikono ikiwa chini, kama mtu anayepimwa nguo. Halafu sauna. Ee, sauna. Kila familia katika jengo ina zamu yake ya sauna kule chini, saa yake moja katika wiki, na mtu atasamehewa ulevi, atasamehewa talaka na makelele ya watoto, lakini zamu ya sauna ya mwenziwe haiguswi, na Alhamisi ni zamu ya Ryynänen, na Ryynänen alishuka na taulo kiunoni akamkuta Mama Lempi amekaa chumba cha kuvulia nguo, ndani ya koti, mkoba mapajani, na mlango wa ndani umefungwa.

"Mama Lempi, leo Alhamisi! Zamu yetu hii!"

"Naijua Alhamisi. Sitaki zamu yako, Ryynänen, nataka joto lako."

"Na mito yote hii juu ya benchi?"

"Inaoga."

…mito, blanketi, mashuka, na gauni lake la kulalia, vimepangwa juu ya benchi la juu kabisa mahali penye moto kuliko kote, na Ryynänen alikisimulia kisa hicho ngazini kwa kila aliyepanda na kila aliyeshuka, inaoga! mito inaoga! na watu wakacheka, ila ilipofika jioni ya mkutano wa jengo hawakucheka tena, na tangu hapo mama akawa na damu ya kunguni katika jengo zima, watu wakimwona ngazini wanatafuta funguo mfukoni, na mwenyekiti wa jengo akampigia Outi, kwa sauti ya upole iliyopigwa pasi, tunampenda sana mama yako, dada, lakini zamu ni zamu. Damu ya kunguni… Neno lilikuwa limekuja lenyewe, kwa mlango wa nyuma, katikati ya wazo jingine, na sasa lilikuwa limesimama chumbani. Kunguni. Outi hakulisema kwa sauti. Lilikuwa neno la bibi yake Hilja, la wakati wa vita, la vibanda vya wakimbizi na godoro la nyasi, neno ambalo watu wa mashuka meupe hawalihitaji, na kwa kuwa hawalihitaji walikwisha kulisahau, na kwa kuwa walikwisha kulisahau, mwanamke mmoja aliyelikumbuka, aliyekumbuka pia baridi inafanya nini na moto unafanya nini, alionekana ameingiliwa na wazimu. Mama hakusema kunguni hata mara moja. Kwa nini hakusema? Alisema wanatembea. Alisema kitu. Huenda aliona haya. Mwanamke aliyepiga kinanda kanisani miaka yote ile, atamwambiaje mwanawe kwamba kitandani mwake mna kunguni, afadhali akae katika koti akingoja joto la Ryynänen… na alisema harufu. Mwaka mpya alisema kitanda kinanuka rasiberi, tunda la kiangazi, na wakaangaliana, Outi na Ilpo, juu ya kichwa chake, rasiberi! katikati ya theluji! Alisema, si zile nzuri, zile za porini alizopitia mdudu wa kijani, ukiitia mdomoni unaitema. Outi akainamisha uso mpaka karibu na pindo. Akavuta pumzi. Akawa na miaka saba, ndoo ya bati mkononi, ukingoni mwa msitu, ametema tunda juu ya majani, na mama kijana aliyevaa kitambaa chekundu kichwani anamcheka, umemla mdudu, Outi, si tunda…

Kitanda usichokilalia… lakini methali hiyo kila mtu anaijua mwisho wake, na yeye hakukilalia, kila Ijumaa alipokuja alilala sebuleni kwenye kochi, kwa sababu ya mgongo, alisema, na Jumapili alirudi kwake mzima. Alikinyanyua kichwa. Kile kiti kilikuwa mbele yake, sweta ya kijivu mgongoni, kiti cha mahameli ya kijani alichomletea mama mwanzoni mwa vuli kutoka duka la vitu vilivyotumika, ili akae anapovaa soksi, na mama alikizunguka mara moja kama anayezunguka ng'ombe wa mnadani, akauliza, kiti cha nani hiki? Chako, mama. Kabla yangu kilikuwa cha nani? Outi akasema hilo lina maana gani, kizuri, kaa. Mama akakaa. Theluji ya kwanza ilipoanguka Outi alikikuta roshanini, akakirudisha ndani, akakipangusa, akakiweka pale pale kando ya kitanda, akimwambia mama taratibu, kama anavyoambiwa mtoto, viti havikai nje. Pindo la kiti, pale mahameli yanapokutana na mbao, lilikuwa jeusi. Si nukta tena, lilikuwa jeusi moja kwa moja, kama wanja. Na Outi akaliona, akaelewa, akangoja kitu kimpate, aibu, kilio, hata kichefuchefu, akangoja kwa adabu kama mtu anayengoja zamu yake, na hakikuja, palikuja tu hesabu tulivu: kiti mimi, baridi yeye, moto yeye, mlango wa roshani mimi…

"Haya, na wale wadudu, Mama Lempi?"

Satu aliuliza kwa wepesi, kama anayeuliza habari za wajukuu. Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe, kikazunguka tena.

"Wadudu gani?"

"Wale wa usiku. Si uliniambia siku ile wanakutembea?"

"Aa, wale." Kijiko kikatua. "Hamna. Nilikuwa naota tu. Mzee akilala peke yake anaota mengi."

"Kwa hiyo siku hizi huwaoni?"

"Siwaoni, bibie. Nimepona. Lete kikombe nikuongeze."

…nimepona. Outi alilisikia neno hilo likivuka ukumbi mdogo, likapita kwenye mlango ulio wazi, likaja kusimama juu ya kitanda pamoja na nukta na vijiganda na punje zile nyeupe, na katika pindo, karibu na kidole chake, kitu bapa, cha rangi ya mbegu ya tufaha, kilisogea kidogo, kisha kikatulia, kana kwamba nacho kilikuwa kikisikiliza. Mama yake hakuwa mwongo. Mama yake alipoteza marafiki kwa kusema kweli, alipoteza wanafunzi, karibu apoteze mume. Na sasa alikuwa jikoni, na birika mkononi, akiyatoa macho yake mwenyewe, yale macho ya safu ya chini kabisa, akiyaweka mezani kati ya mkate na maziwa, chukueni, niachieni nyumba. Na hayatampa nyumba. Hilo Outi alilijua, maana Satu alikwisha mwambia ngazini, kwa sauti ya chini, wengi wao wakihisi mambo yamekaribia huficha, dada, usishangae akikana, kukana nako ni dalili. Akisema wapo, ni mgonjwa. Akisema hawapo, ni mgonjwa mwerevu. Hapakubaki neno ambalo mama angeweza kulisema katika lugha yoyote likamsaidia, neno lililobaki lilikuwa moja tu na halikuwa la mama, lilikuwa humu, limepiga magoti, na goti linauma…

Na ingekuwa rahisi. Outi aliutazama urahisi wenyewe bila kuuonea haya, ulikuwa umelala pale pale mkononi mwake, pembe ya shuka, kuichomeka tu chini ya godoro, kuilaza kwa kiganja, kuchukua sweta, kwenda kusema ndiyo. Jumatatu mama angehama. Jumanne angewaita watu wa dawa, nyumba ikiwa tupu, na hakuna ambaye angejua, mwenyekiti wa jengo asingejua, Ryynänen asingejua, Ilpo asingehitaji kujua. Ijumaa zake zingerudi, Ijumaa zile ndefu za barabara na theluji inayokuja kwenye kioo kama mchanga, angelala kwake, angelala mpaka mchana, amechoka, hilo si kosa, ana haki ya kuchoka. Na mama angekaa ng'ambo ya ziwa katika chumba chenye harufu ya sabuni, na angechukua blanketi lake, bila shaka angelichukua, na ndani ya mshono wa blanketi… halafu usiku mmoja angemwambia muuguzi wa zamu, kuna kitu kinanitembea, na muuguzi angeandaa kidonge. Au asingesema. Hilo ndilo lililomsimamisha Outi, si muuguzi wala kidonge: kwamba mama asingesema. Angelala chali gizani, macho mazima yamefunguka, wanamtembea, naye anajiambia naota, naota tu, nimepona, na siku ingefika angeyaamini maneno hayo.

Kile kitu cha rangi ya mbegu ya tufaha kilitoka katika pindo. Kilipanda ukucha wake, kikasita pale nyama inapoanzia, kikavuka pete, kikashika njia ya kwenye kifundo cha mkono, na Outi hakukipukusa, alikiacha, alikuwa na hamu, kama hilo laweza kuitwa hamu, ya kujua kama ganzi hii itakisikia. Miguu yake ilikuwa miepesi kuliko unywele. Lakini ilikuwapo. Ilihesabika. Hivyo ndivyo, basi. Hivi ndivyo ilivyokuwa tangu vuli, na hapakuwa na neno jingine la kukieleza, mama alikuwa amelichagua neno lenyewe hasa…

"Outi!" mama yake akaita kutoka jikoni. "Umekwama huko? Kahawa inapoa. Sweta haitakuja yenyewe!"

Hakuinuka. Shuka ilikuwa bado mkononi, sweta bado kitini, nuru ya theluji bado juu ya ukuta pale pale ilipokuwa, na mkononi mwake kile kitu kiliendelea kupanda bila haraka.

"Mama," akaita, na sauti ikamtoka kavu, isiyo na machozi, kama ya mtu anayesoma safu ya chini kabisa, "njoo na Satu. Wapo. Wananitembea."